Kila Aliyekosa Alicheka

Friji ilikohoa gizani, ikanyamaza kidogo, kisha ikaanza kunguruma polepole kama mtu anayejisemea. Chiriku akafumbua macho. Umeme umerudi. Akaushika mkono mdogo wa bintiye uliokuwa umemlalia shingoni, akauweka juu ya mto kwa uangalifu wa mtu anayerudisha yai kiotani, kisha akanyata hadi mezani na kufungua kompyuta. Alfajiri ilikuwa haijaamua kuingia. Mwanga wa kioo ukampiga usoni, naye akasoma alichokuwa anakisubiri tangu umeme ulipokatika jana jioni.

Wamekosa tena. Wote, isipokuwa mtu mmoja.

Akashika tama. Angeelewa kama wangekuwa hawalifungui somo lenyewe. Watu wazima hawapendi kusomeshwa, hilo alilijua, kwani yeye mwenyewe alikuwa amesoma madarasa ya jioni akiwa na Nukta tumboni, kisha mgongoni, na kuna siku alisinzia darasani hadi mwalimu akamwambia mtoto wake atamaliza shule kabla yake. Lakini hawa walikuwa wanalifungua. Walilifungua asubuhi kabla ya kazi, wakalifungua mchana, wakalifungua hata siku ya mapumziko wakiwa majumbani kwao, ambako hakuna wa kuwalazimisha. Kisha wakakosa. Wakarudia, wakakosa. Wakarudia tena kwa hamu ileile, wakakosa vilevile.

"Umeamka na nani huko?" Sauti ya mama mkwe ilitokea chumba cha pili.

"Peke yangu, Mama."

"Mbona unaguna kama uko na mgonjwa?"

Mama mkwe akatokea amejifunga shali, akavuta kiti na kukaa karibu. Tangu Baba Nukta apate kazi ya ujenzi mbali, nyumba hii ilikuwa ya wanawake watatu: mmoja wa kulea, mmoja wa kutafuta, na mmoja wa kuwaamrisha hao wawili. Wa kuamrisha ndiye Nukta, aliyepewa jina hilo na baba yake kwa sababu alizaliwa mdogo kama nukta ya kalamu.

"Wale wafuaji wako bado?"

"Bado. Nimewarahisishia swali mpaka nimeona haya. Sikiliza, Mama. 'Je, uchanganye dawa mbili ambazo zikikutana zinatoa moshi wa sumu?' Majibu ni mawili tu, ndiyo na hapana."

"Wakajibu nini?"

"Ndiyo."

Mama mkwe akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, una hakika si wewe unayesoma kichwa chini miguu juu?"

Chiriku hakuwa na hakika na chochote. Kazi yake ilikuwa kutunga masomo ya simu kwenye kampuni ndogo iliyopanga vyumba viwili juu ya duka la rangi. Mwenye kiwanda akitaka wafanyakazi wake wajue jambo, kampuni inamtungia somo. Mfanyakazi analifungua kwenye simu, anatazama picha zinazotembea, anajibu maswali, na kompyuta inaandika kama amefaulu au la. Jina la Chiriku alipewa hapohapo ofisini, maana hakuna aliyewahi kumwona amefunga mdomo. Alikuwa katika kipindi cha majaribio. Kabla ya hapo alikuwa anapanga bidhaa kwenye rafu za duka la jumla, na kila alipofikiria kurudi huko magoti yalianza kumuuma kabla ya wakati.

Somo lililomtesa lilikuwa la kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Toleo la zamani lilisomeka kama hukumu ya mahakama. Mwenye kiwanda alilalamika kwamba wafanyakazi wake walisinzia, naye alipojaribu kulisoma ili awakemee, akasinzia. Ndipo Bosi alipomwita Chiriku.

"Lichangamshe," alimwambia. "Walipende. Mwisho wa wiki mwenye kiwanda anataka kuona wamefaulu. Wakifaulu, umeajiriwa. Wasipofaulu..." Akamalizia kwa kufunika kalamu yake.

Chiriku akalichangamsha. Alitia muziki, akatia nyota. Akachora kiwanda chenye mashine kubwa, akamchora na msimamizi: kibonge, kipara, tai fupi inayoishia juu ya kitovu. Ukijibu sahihi, alama ya kijani inatokea na neno "Hongera." Ukikosa, ukachanganya dawa ya kung'arisha na dawa ya kutoa kutu, mashine inafoka povu, povu linajaa sakafuni, msimamizi anakuja mbio, anateleza, miguu juu, tai inamfunika uso, anapiga yowe: "Yalaaa!" Yowe lile lilirekodiwa na mama mkwe jikoni, kwa kujitolea, na alilirudia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna msiba gani.

Ofisini asubuhi ile Bosi alikuwa amesimama mbele ya kioo cha kompyuta, mikono kiunoni.

"Nieleze," alisema. "Muda wanaokaa kwenye somo sijawahi kuuona tangu tuanze kampuni hii. Alama nazo, mbovu kiasi hiki, sijawahi kuziona vilevile. Sasa wanalipenda au wanalichukia?"

"Sijui, Bosi."

"Labda hawajui kusoma?"

"Niliweka sauti inayosoma. Wakakosa zaidi."

"Hili swali la moshi wa sumu hata mbuzi angejibu hapana!"

"Nitaenda kuwaona," Chiriku akasema.

"Kuwaona? Sisi ni watu wa mtandaoni."

"Wao si wa mtandaoni, Bosi. Wana miguu. Nitawakuta wamesimama mahali."

Kiwanda kilimpokea kwa joto kabla hakijampokea kwa maneno. Mvuke ulitoka mlangoni kama pumzi ya ng'ombe mkubwa. Ndani, matoroli yenye marundo ya mashuka yalipishana, mashine zikizunguka na kugugumia. Getini kulikuwa na mtu anaandika majina ya wageni. Mtu huyo alipoinua uso, Chiriku akarudi nyuma hatua moja.

Kibonge. Kipara. Tai fupi inayoishia juu ya kitovu.

"Mbona unanitazama hivyo, dada? Umeona jini?"

"Hapana, kaka. Nimekufananisha."

"Na nani?"

"Na mtu... mtu ninayemfahamu kidogo."

"Basi huyo mtu ana bahati," akasema yule, akacheka mwenyewe. "Mimi ndiye msimamizi hapa. Wewe ndiye mtunzi wa somo? Karibu sana! Mimi nililifanya mara moja tu, nikapata yote, sikurudia. Wenzangu hawa sijui wana nini vichwani."

Kumbe yule mmoja aliyefaulu ndiye huyu. Alijibu yote sahihi, kwa hiyo alichokiona ni alama ya kijani na neno "Hongera," basi. Mtu anayeteleza hajawahi kumwona.

"Lakini nikwambie ukweli," msimamizi akaendelea, akishusha sauti, "somo lako limeleta heri. Zamani nikipita hapa watu walikuwa wananuna kama nimewakanyaga. Siku hizi nikipita wanatabasamu. Wengine wanacheka kabisa! Nimemwambia mke wangu, hatimaye watu hawa wamenipenda."

Chiriku akavua miwani yake, akaipangusa mvuke, akaivaa tena.

Mapumziko ya mchana yalipofika, mashine zikatulia, na wafuaji wakakusanyika nyuma ya chumba cha pasi, wanawake wengi na wanaume wachache, wamebanana kuzunguka simu moja. Simu ilishikwa na mama mmoja mwenye mikono mipana aliyeitwa Mama Pasi, maana hakuna aliyejua zaidi yake ile mashine kubwa ya kunyooshea mashuka. Chiriku akasogea polepole.

"Kosea!" waliimba. "Kosea! Kosea!"

"Subirini, jamani, mnanisukuma!"

"Bonyeza ndiyo! Usiharibu!"

Mama Pasi akabonyeza. Kisha ile sauti ya mama mkwe ikapasua chumba: "Yalaaa!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Mmoja alipiga ukuta ngumi, mwingine akajifuta machozi kwa pindo la aproni.

"Tai! Tazama tai yake!"

"Na kile kitambi, utasema kimepimwa kwa futi!"

"Mwenyewe hajui, maskini. Nyani haoni kundule."

Chiriku naye akacheka. Hakupenda kucheka, kicheko kilimtoka tu. Wakageuka.

"Na wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyelichora."

Walimshangilia kama bibi harusi. Mama Pasi akamkumbatia hadi miwani ikapinda. "Ni wewe! Mtoto mdogo hivi! Sema kweli, huyu mtu ulimwona wapi ukamchora?"

"Wallahi sijamwona kabla ya leo. Nilijichorea tu msimamizi."

"Basi wasimamizi wote wamekatwa kitambaa kimoja!" Wakacheka tena.

"Lakini majibu, mama zangu? Majibu mnayajua?"

"Tunayajua! Utakoseaje kwa makusudi kama hujui lililo sahihi?" Mama Pasi akampiga bega. "Usiogope, mwanangu. Tunakosa kwa akili zetu timamu."

Mzigo ukamtoka Chiriku kifuani. Kumbe hakuna tatizo. Atamweleza Bosi, watacheka, mambo yataisha. Kengele ikalia, watu wakarudi kwenye mashine, naye akabaki akiwatazama wakifanya kazi, akitabasamu peke yake.

Karibu naye kulikuwa na msichana aliyeanza kazi majuzi tu, bado wanamwita Mgeni. Mgeni alifungua kisanduku cha dawa cha mashine yake, akamimina dawa ya kung'arisha. Kisha mkono wake mwingine, bila yeye kuutazama, ukaenda moja kwa moja kwenye chupa ya dawa ya kutu, ukaizungusha kifuniko.

"Wee!" Chiriku akapiga kelele. Mama Pasi alikuwa ameshafika. Aliudaka ule mkono hewani kama mtu anavyodaka kuku.

"Unafanya nini, mtoto?"

Mgeni akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Si ndivyo picha inavyoonyesha?"

"Picha ya kukosea hiyo!"

"Ya kupatia ikoje?" Mgeni akauliza. Hakuwa anatania. "Mimi kila nikipewa simu naambiwa nibonyeze hii. Nyingine sijawahi kuiona."

Hakuna aliyecheka. Mama Pasi akaifunga chupa, akakaa juu ya rundo la mashuka, akawa anaitazama mikono yake mipana kama ya mtu mwingine. Somo la Chiriku lilikuwa limechangamka kweli. Limependwa, limerudiwa, limeingia hadi kwenye mkono wa msichana huyu ambao sasa unajua njia bila kuuliza. Tatizo ni njia yenyewe.

Alirudi nyumbani kichwa kikiwa kama uzi uliochezewa na paka. Kila ncha aliyoivuta ilikaza fundo jingine. Akiliacha somo lilivyo, siku moja hakutakuwa na mtu wa kudaka mkono wa Mgeni. Akiiondoa picha ya kuteleza, watasinzia kama zamani, na mwisho wa wiki ndio huo. Akiihamishia kwenye jibu sahihi, basi atakayeiona wa kwanza ni yule asiyekosa kamwe, yule aliyemwambia mkewe kwamba watu wamempenda. Chiriku alimfikiria akiwa amekaa kitandani, simu mkononi, tai fupi bado shingoni, akijitazama anavyoanguka. Kisha angekumbuka vicheko vyote vya siku zile, kimoja kimoja.

"Mbona leo huguni?" mama mkwe akamuuliza. Jua lilikuwa linazama, Nukta amekaa chini ya meza akiwapikia wanasesere wake.

Chiriku akamsimulia yote. Mama mkwe alicheka mpaka kwenye sehemu ya mke, hapo akaacha.

"Sasa kosa ni la nani?" akauliza.

"Ndilo nisilolijua. Mimi sikumchora yeye. Wao hawakumtukana. Yeye hakufanya baya. Na mtoto wa watu nusura avute sumu."

"Na lazima mtu aanguke ndipo watu wajifunze?"

"Sijui, Mama. Najua wakiacha kucheka wanalala."

Kisha Chiriku akavuta kompyuta. Akafuta tai. Akafuta kitambi na kipara, kwa taratibu, kama anayeomba radhi. Mahali pake akamchora mwanamke mwembamba mwenye kilemba na miwani iliyopinda, mdomo wazi kwa maneno, amebeba rundo la vyeti linalozidi kimo chake.

Mama mkwe akainama kutazama. "Huyo si wewe?"

"Ndiye. Ukikosa, mashine inazima, kioo kinakuwa cha kijivu, sauti inakueleza moshi ule unafanya nini kifuani mwa mtu. Hakuna muziki wala mchezo. Ukipata, huyu mwalimu anakuja mbio kukupongeza, sakafu imepigwa deki sasa hivi, anateleza, vyeti vinaruka."

"Wakucheke wewe?"

"Bora mimi, Mama. Mimi angalau ninajua kwamba wananicheka."

"Yowe je?"

"Lilelile. Lako halina mbadala."

Mama mkwe hakuridhika, lakini yowe lilimlainisha. Chiriku akalituma toleo jipya kwa kiwanda chote, kisha akamwandikia Bosi ujumbe mrefu akimweleza kilichotokea, pamoja na mkono wa Mgeni. Bosi akajibu kwa neno moja: "Tutaona."

Siku ya mwisho wa wiki waliona. Kioo cha ofisini kilikuwa kijani juu hadi chini kama shamba baada ya mvua. Mgeni alikuwa amefaulu, akarudia, akafaulu, akarudia tena. Hata msimamizi, asiyerudia kitu, alikuwa amelirudia mara kadhaa. Mama Pasi alituma ujumbe wa sauti, nyuma yake vicheko tupu: "Chiriku, mwanangu, leo umeanguka mpaka tumelia! Msimamizi ndiye anacheka kutushinda sote! Anasema unafanana na shemeji yake! Pole, na hongera!"

Bosi alitazama kijani kile kwa muda mrefu.

"Wamefaulu," akasema.

"Wamefaulu."

"Lakini muda wanaokaa kwenye somo umeshuka. Mbona umeshuka? Sasa wanalipenda au hawalipendi?"

"Sijui, Bosi."

"Mimi pia sijui." Akakuna kichwa, akafunua kalamu. "Jumatatu uje na nakala ya cheti chako. Siwezi kumwajiri mtu kwa jina la Chiriku."

Alishuka ngazi za duka la rangi kama anayeelea. Alitaka kufurahi wazi, lakini furaha ilikuja na kitu kingine ubavuni, kitu asichoweza kukitaja. Njiani akapishana na wanawake wawili wenye aproni za kiwanda. Wakamwangalia, wakatazamana, wakapasuka kwa kicheko, kisha wakamsalimia kwa heshima zote. Naye akawasalimia, akatabasamu. Alipowapita akajikuta ananyoosha kilemba, akatembea kwa tahadhari, kana kwamba barabara imepigwa deki.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, amekasirika nusu.

"Njoo umwone binti yako. Leo akili zimemtoka. Nimempa simu aone bibi yake anavyopiga yowe. Nikamwonyesha pa kubonyeza, akabonyeza mara moja. Tangu hapo hataki! Anabonyeza pa kukosea tu, na hapo hapana lolote, ni kijivu kitupu!"

Nukta alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, simu mapajani. Hakuwa anacheza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliye kazini. Alibonyeza jibu baya. Kioo kikawa kijivu, sauti ikaanza kueleza habari za moshi na kifua, naye akasubiri imalize kwa subira ambayo hajawahi kuwa nayo hata kwa uji. Swali likarudi. Akabonyeza baya tena.

Chiriku akapiga magoti mbele yake. "Nukta. Mbona hubonyezi hapa, mama? Hapa ndipo pazuri."

Akanyoosha kidole kumwonyesha. Mtoto akawahi kulifunika jibu sahihi kwa kiganja chake chote, akamwangalia mama yake usoni, kisha kwenye magoti yake yaliyogusa sakafu, akasema kwa sauti:

"Sitaki Mama aanguke."